Mali Bila Daftari: Somo la Kukagua Maazimio ya Mwaka Nyumbani



Mwaka unapoanza, nyumba nyingi hujaa maazimio. Huyu huazimia kulipa deni lake, yule huazimia kuacha pombe. Mama huazimia kujifunza kushona, na kijana huazimia kusoma kila jioni ili ashinde mtihani. Maneno hayo husemwa kwa moyo wa kweli, wala hatuyadharau hata kidogo. Lakini sasa miezi mitatu ya kwanza imekwisha kupita, mvua za masika zimeshika, nasi twataka kuuliza swali ambalo ni wachache wapendao kuulizwa: Maazimio yale yako wapi?

Hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Twauliza kwa sababu ile ile imfanyayo mkulima azunguke shamba lake mahindi yanapofika magotini. Hangoji siku ya kuvuna ndipo aende kutazama. Ajua ya kuwa mahindi yakiwa bado machanga aweza kupalilia, na penye pengo aweza kurudishia mbegu. Lakini siku ya kuvuna ikifika hana la kufanya ila kuhesabu alichopata na kusikitikia alichokosa. Basi kukagua maazimio si kazi ya mwisho wa mwaka. Ni kazi ya katikati, wakati mkono ungali waweza kutengeneza. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu, nalo lahusu nyumba zetu, maana azimio la mtu hutimizwa au kuvunjwa nyumbani kwake kabla ya mahali pengine popote.

1. KWA NINI TWAOGOPA KUTAZAMA

Watu husema ya kuwa azimio hufa kwa sababu mwenyewe ni dhaifu. Huenda ikawa hivyo. Lakini mara nyingi hufa kwa sababu iliyo ndogo zaidi, yaani mwenyewe aliacha kulitazama. Juma la kwanza alikumbuka. Juma la pili alikosa siku moja akaona haya. Juma la tatu aliona haya hata kukumbuka. Tangu hapo kila wazo la azimio lake likija hulifukuza upesi, mfano wa mtu apitaye njia ya mbali asije akakutana na yule anayemdai.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2013 Thomas Webb wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, pamoja na wenzake, waliandika juu ya desturi hii ya kukwepa kujua hali ya kazi uliyojiwekea. Waliifananisha na mbuni, ambaye watu husimulia kwamba huficha kichwa mchangani aonapo hatari. Mwenye duka asiyetaka kufungua kitabu cha madeni ni mbuni. Mgonjwa asiyetaka kupimwa ni mbuni. Na mzazi asiyetaka kuiona ripoti ya mtoto, kwa kuwa ajua moyoni mwake kwamba hakumsaidia kusoma, yeye naye ni mbuni.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, wakasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuyatafakari maneno hayo ya mwisho, “bila habari.” Mwizi akivunja mlango twasikia kishindo, nasi twapiga kelele. Lakini mali isiyoandikwa hutoka kidogo kidogo, wala hakuna kishindo. Ndivyo lifavyo azimio. Hakuna siku ambayo mtu husema, “Leo naliacha.” Hunyamaza tu, nalo hunyamaza pamoja naye, hata Desemba ikija yeye hushangaa mwaka ulikwenda wapi.

2. UKAGUZI ULIOZAA KITABU

Katika sharika zetu tunao mfano mkubwa wa ukaguzi, ingawa wengi hawaukumbuki kwa jina hilo. Mwaka 1528 Martin Luther na wenzake walitumwa kuzizungukia sharika za Saxony, nchi ya Ujerumani, ili waone hali yake. Mafundisho mapya yalikuwa yamehubiriwa kwa miaka kadhaa, na mtu angaliweza kudhani ya kuwa watu wamekwisha kuyashika. Walipofika vijijini waliona sivyo. Watu wengi hawakujua hata mambo ya kwanza ya imani, na wachungaji wengi hawakufaa kufundisha.

Habari hizo zilimhuzunisha sana Luther. Lakini tuangalie alilofanya baada ya kuhuzunika. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo na Katekisimo Kubwa. Ile ndogo, mwanzoni mwa mwaka huo, ilichapwa sehemu sehemu kwenye karatasi kubwa za kutundikwa ukutani. Na juu ya sehemu zake yameandikwa maneno ya kueleza kwamba mkuu wa nyumba ndiye awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hivyo ukaguzi wa nchi nzima uliishia kwenye ukuta wa nyumba.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba ukaguzi mzuri hauishii katika kulaumu. Huzaa dawa inayolingana na upungufu ulioonekana. La pili ni kwamba dawa hiyo ilikuwa ndogo na ya kila siku. Hata katika fundisho la kuungama, Katekisimo haimwambii mtu ajichunguze kwa jumla tu, bali aangalie mahali alipowekwa: je, wewe ni baba, mama, mwana, binti, bwana au mtumishi? Baba hujikagua kama baba, wala hajikagui kwa kazi ya mtu mwingine. Kila mtu ana shamba lake la kuzungukia.

3. NJIA YA KUKAGUA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tumeigawa katika mambo matano, nayo yafuatwe kwa utaratibu wake.

Kwanza, siku iwekwe. Kazi isiyo na siku hungoja nafasi, na nafasi haiji. Yafaa kuchagua siku moja ya mwezi isiyobadilika, kwa mfano Jumapili ya mwisho, baada ya chakula cha mchana. Nusu saa yatosha. Redio izimwe na simu ziwekwe kando. Tena isiwe saa ambayo watu wana njaa au wametoka kugombana, maana ukaguzi ufanywao kwa hasira hugeuka kuwa mashtaka.

Pili, azimio liandikwe kwa namna inayohesabika. Mtu akisema, “Mwaka huu nitakuwa mzazi mwema,” atalipimaje? Hakuna kibaba cha kulipima neno hilo. Lakini akisema, “Nitasoma na mtoto wangu jioni tatu kila juma,” mwisho wa juma aweza kujibu bila kusitasita: tatu, au mbili, au hakuna. Neno la kwanza ni nia, nalo ni jema. La pili ni hatua. Nia hukaa moyoni, lakini hatua ndiyo ikaguliwayo.

Benjamin Franklin, yule mchapaji mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1706, alifanya hivyo alipokuwa kijana huko Philadelphia. Alichagua tabia njema 13, akatengeneza kitabu kidogo, na katika kila ukurasa akapiga mistari: siku saba za juma zikakaa upande wa juu, na tabia zile 13 zikashuka pembeni. Kila jioni alijichunguza, na penye kosa akatia alama nyeusi. Kila juma aliitilia mkazo tabia moja, akaenda hivyo kwa majuma 13, kisha akaanza tena. Ndiyo kusema aliweza kuzunguka mara nne kwa mwaka. Alifuta alama za zamani mara nyingi hata karatasi ikatoboka, kwa hiyo alihamia kwenye kitabu chenye kurasa za pembe za ndovu ambazo ziliweza kupanguswa kwa sifongo yenye maji. Katika habari za maisha yake aliandika kwamba alistaajabu kuona makosa yake ni mengi kuliko alivyodhani, tena kwamba alifurahi kuyaona yakipungua. Utaratibu wa vitu na wa saa ulimsumbua kuliko yote, wala hakuushinda kabisa. Sisi hatuhitaji pembe za ndovu. Daftari la shule na kalamu vyatosha, au hata mkaa juu ya ukuta wa jikoni.

Tatu, awepo shahidi. Kinyozi hajinyoi. Mtu akijikagua peke yake hujisamehe upesi, au hujihukumu kupita kiasi. Namna zote mbili zampoteza. Wengi wetu tumekwisha kuijua faida ya mashahidi katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya namna hiyo huko Niger, na utaratibu wake umeenea katika nchi nyingi za Afrika, kwetu pia. Sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Hakuna aonaye kwamba ametukanwa kwa kuhesabiwa fedha mbele ya macho yake. Kila mtu ajua ya kuwa hesabu hiyo ndiyo iletayo amani. Basi mbona nyumbani twaona ni matusi mtu akituuliza, “Baba watoto, lile neno ulilotuambia Januari limefika wapi?”

Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio 138 yaliyohusu watu karibu 20,000, ili waone kama kukagua maendeleo humsaidia mtu kufikia kusudi lake. Waliona ya kuwa husaidia. Tena waliona ya kuwa msaada huo huzidi mtu anapoandika anayoyaona, na anapoyatoa mbele ya wengine. Daftari na shahidi: ndiyo mambo yale yale mawili ambayo wanachama wa vikundi vyetu huyatumia kila wakutanapo.

Nne, sababu itafutwe kabla ya lawama. Tuseme baba aliazimia kusoma na mtoto jioni tatu kila juma, na daftari laonyesha kwamba mwezi wa Machi walisoma jioni nne tu. Wepesi wa ulimi utasema, “U mvivu.” Lakini wakitazama vizuri wataona jioni zote zilizokosekana zilikuwa zile ambazo chakula kilichelewa, na mtoto alikuwa amekwisha kusinzia. Dawa si kuongeza ukali. Dawa ni kusoma kabla ya chakula, maji yanapochemka. Lawama ingaliacha saa ile ile mbaya mahali pake, na mwezi wa Aprili ungalikuwa kama Machi.

Tano, hesabu ifanywe upya. Hapa twaomba msomaji achukue kalamu afuate pamoja nasi. Mtu ana deni la ada ya shule shilingi 240,000. Ameazimia kulilipa katika mwaka mmoja, shilingi 20,000 kila mwezi. Mwisho wa Machi angalipaswa kuwa amelipa 60,000, lakini amelipa 35,000 tu. Akikagua sasa, ataona limebaki deni la 205,000 na miezi tisa. Akigawanya, atapata kama 22,800 kwa mwezi. Yaani lazima aongeze shilingi 2,800 tu juu ya ile 20,000 ya kwanza. Huo ni mzigo ubebekao. Pengine ni bei ya vitu vidogo ambavyo nyumba yaweza kuviacha.

Sasa tuseme hakukagua, akaendelea kulipa kwa mwendo ule ule hata mwisho wa Septemba. Atakuwa amelipa 105,000. Litabaki deni la 135,000 na miezi mitatu. Yaani shilingi 45,000 kila mwezi, zaidi ya mara mbili ya azimio lake la kwanza. Hapo atakata tamaa, au atakopa mahali pengine ili alipe hapa, na mtoto atarudishwa nyumbani kutoka shuleni. Tazameni: mtu ni yule yule, mapato ni yale yale, na upungufu wake wa kila mwezi ni ule ule. Kilichotofautiana ni siku aliyofungua daftari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. MAMBO YASIYOHESABIKA KWA SHILINGI

Mtu atauliza, “Mimi niliazimia kuacha hasira. Je, hasira nayo ina daftari?” Inalo, ila limeandikwa ndani ya watu wengine. Mwenye hasira hawezi kujipima, maana yeye huona kila mara alikuwa na haki. Awaulize wale wanaoishi naye. Amwulize mkewe, tena awaulize watoto kwa sauti ya upole, “Mwezi huu mmeniona namna gani?” Kisha anyamaze asikilize, asijitetee. Na kama mtoto ataogopa kusema kweli, jibu limekwisha kupatikana.

Vivyo hivyo kwa aliyeazimia kuacha pombe. Asikague moyo wake tu, kama bado una hamu. Akague mambo yanayoonekana: aliingia nyumbani saa ngapi, ni siku ngapi za mwezi hakuonja, na fedha ya mshahara ilifika mezani yote au nusu. Kama mwili umezoea pombe sana hata mikono hutetemeka aikosapo, huyo asijipime peke yake nyumbani. Aende kwa mganga wa hospitali, maana kuiacha ghafula kwaweza kumdhuru.

5. SHAHIDI ASIGEUKE KUWA HAKIMU

Twapenda kuonya juu ya hatari moja. Ukaguzi ni kisu kizuri jikoni, lakini chaweza kumkata mtu. Kuna mume atakayelichukua somo hili akaligeuza kuwa daftari la makosa ya mkewe. Kuna mama atakayelisoma mbele ya wageni azimio la mwanawe lililovunjika. Hayo siyo tunayofundisha.

Basi tushike kanuni tatu. Shahidi aulize lile tu walilopatana, asifukue mambo ya mwaka jana. Yanayosemwa mezani siku ya ukaguzi yasitoke mlangoni. Na walio wakubwa waanze. Atakaye kuona daftari la mtoto, na aonyeshe kwanza la kwake. Mtoto aliyemsikia baba yake akisema, “Mwezi huu nilipungukiwa, na sababu yake ni hii,” amejifunza kusema kweli bila kuogopa. Somo hilo hakuna shule iwezayo kumpa badala ya baba yake.

6. JUU YA ALIYEANGUKA

Mwisho twasema neno kwa msomaji ambaye azimio lake limekwisha kuvunjika, naye amesoma hata hapa kwa moyo mzito.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, John Norcross na mwenzake walitoa habari za watu 200 walioweka maazimio ya mwaka mpya, ambao waliwafuatia kwa miaka miwili. Baada ya juma moja, watu 77 katika kila 100 walikuwa wangali wameyashika. Baada ya miaka miwili walibaki 19 katika kila 100. Hesabu hiyo yaweza kutuvunja moyo. Lakini walipowatazama wale walioshinda, waliona ya kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wameanguka angalau mara moja katikati ya safari. Tena wastani wa kuanguka ulikuwa mara 14. Hao ndio walioshinda! Basi wengi wa walioshinda walianguka pia, ila waliinuka wakaendelea, mara kwa mara, pasipo kungoja Januari nyingine. Wahenga wamesema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Labda ukikagua utaona ya kuwa azimio lenyewe lilikuwa kubwa mno, au ugonjwa umeingia nyumbani, au mvua imekuwa haba. Basi lipunguze, wala usione haya. Aliyeazimia kulipa 20,000 akaona hawezi ila 10,000, na aende kwa anayemdai aseme hivyo waziwazi. Ahadi ni deni, na ahadi iliyopatanwa upya mbele ya mwenzako bado ni ahadi. Lakini kuliacha azimio kwa kunyamaza ni jambo jingine kabisa, maana hapo mtu amewaacha wenzake wakingojea kitu ambacho yeye ajua ya kuwa hakiji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Walimu waweza pia kuyatumia katika mkutano wa wazazi.

1. Ni azimio gani ulilolisema mwanzoni mwa mwaka, na ni nani aliyekusikia?
2. Je, laweza kuhesabika? Kama sivyo, hatua yake ya kila juma ni ipi?
3. Lini ulilitazama kwa mara ya mwisho? Kama ni zamani, ulikuwa ukiogopa kuona nini?
4. Hesabu yaonyesha umefika wapi, na miezi iliyobaki ni mingapi? Gawanya, uone mzigo wa kila mwezi.
5. Sababu moja iliyo kubwa ya kupungua ni ipi, na ni kitu gani chaweza kubadilishwa kabla ya Jumapili ijayo?
6. Ni nani nyumbani awezaye kuwa shahidi wako, nawe uwe shahidi wake?

Basi, ndugu, mahindi yangali magotini na jembe li karibu. Chukueni daftari, mketi pamoja, mkaguane kwa upendo.